Somo: Kuzuia matusi na vurugu mapokezini

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, somo hili ni la wanaokaa mapokezini na dirisha la dawa. Daktari hatukanwi sana. Mgonjwa akifika kwake keshammalizia hasira dada wa kadi.

Hatua ya 1: Watu wajue wanasubiri nini. Hapa ndipo penye kazi. Mtu kafika alfajiri, kakaa benchi hadi saa tano, mara anamwona aliyefika saa nne anaingizwa. Hajui kwamba mtoto yule ana degedege. Yeye anaona kujuana tu. Kwa hiyo wenye dharura msiwapitishe kimyakimya. Muuguzi asimame mbele ya benchi aseme: "Wazee wangu, akina mama, tunaanza na waliozidiwa: anayeshindwa kupumua, mwenye degedege, mjamzito anayetoka damu. Wengine tunafuata namba." Arudie kila watu wapya wanapojaa. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa kuchambua watoto wagonjwa una makundi 3: dharura, kipaumbele, na anayeweza kusubiri. Yabandikeni ukutani kwa Kiswahili, yasomeke toka benchi la nyuma.

Dawa nazo hivyo hivyo. Zilizoisha ziandikwe ubaoni asubuhi, na daktari azijue kabla hajaandika. Mama mwenye mtoto chini ya miaka 5, ambaye kwa sera hapaswi kulipia, akiambiwa dirishani "hiyo kanunue nje", lazima awake. Mimi simlaumu, ila dada wa dirishani siye aliyemaliza dawa.

Hatua ya 2: Pangeni chumba. Mhudumu akae karibu na mlango, mgonjwa asimzibie njia. Mikasi isizagae mezani. Usiku asibaki mtu mmoja zamu.

Hatua ya 3: Akianza kufoka. Shusha sauti yako, mwite kwa heshima "mzee", "mama" au "kaka", msogeze pembeni. Mbele ya benchi lililojaa hakuna anayekubali kushindwa. Mwambie utafanya nini na itachukua muda gani. Neno "tulia" liache kabisa, linachochea. Akiinua mkono, toka, ita mlinzi.

Hatua ya 4: Andikeni. Daftari la matukio liwe na tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na mashahidi. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alipeleke kwenye kamati ya kituo, maana humo wamo wawakilishi wa wananchi. Mkilisoma vizuri mtaona vurugu zinarundikana saa zipi, na hapo ndipo pa kuongeza mtu.

MASWALI

*Sista, anayetukana tumnyime huduma?*
Mwenye dharura anatibiwa kwanza, hata akitukana. Na kabla ya kukasirika mpime: sukari ikishuka, au malaria ikipanda kichwani, mtu hutukana bila kujijua. Mzima wa akili aitwe na mfawidhi, apewe onyo. Akirudia, polisi wapo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, inaifanya lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa.

*Mwenzetu kapigwa kofi zamu ya usiku. Bosi anasema yaishe kimyakimya.*
Asikubali. Aende polisi achukue PF3, fomu ya polisi ya aliyeumizwa, atibiwe, na fomu ijazwe siku hiyo hiyo. Kaumia akiwa kazini, kwa hiyo mwajiri aijulishe WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kusameheana ni hiari yake aliyepigwa, bosi hawezi kumsamehea.

*Mbona hamsemi kuhusu wauguzi wanaowafokea wagonjwa? Mimi ni mgonjwa, niko humu kusoma tu.*
Karibu, kaka. Wapo, na mara nyingine ugomvi tunauanza sisi. Tukio la namna hiyo nalo liingie kwenye daftari lile lile. Sanduku la maoni lifunguliwe na kamati, ufunguo usikae kwa mfawidhi. Kama kwenu unakaa kwake, lisemeni kwenye mkutano wa kijiji au mtaa.