Kuendesha kwadi bila kuumia: helmeti, kona, na mlima unaokukatalia katikati

Juzi nilikuwa namfundisha shemeji yangu kuendesha kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene. Pikipiki ya kawaida anaijua kweli kweli, na tabu ikaanzia hapo hapo. Kila akikata kona mguu wa ndani unashuka chini kama alivyozoea, na nyuma ya kisigino chake tairi la nyuma linakuja. Kwenye kwadi, mguu ukigusa ardhi chombo kikiwa kinatembea, tairi hilo linaukanyaga, linauvuta, na mwili unafuata. Tulirudia kona hiyo hiyo mpaka miguu yake ikakubali kubaki mahali pake. Jioni nikaona niandike utaratibu wote, maana wanaotoka kwenye pikipiki wote huja na mazoea yale yale.

Hatua ya 1: Hakikisha chombo ni cha mtu wa umbo lako

Soma kibandiko kilichopo kwenye madigadi au karibu na kiti. Kwadi kubwa huandikwa kwamba ni za kuanzia miaka 16, na za watoto zimegawanywa kwa umri: 6, 10, 12, 14. Mtoto wa miaka 11 hapandi ya babake hata kama miguu inafika chini. Hana uzito wa kuitawala, na uzito wa mwendeshaji ndio unaofanya kazi nusu nzima kwenye chombo hiki.

Kile kiti kirefu kinawadanganya wengi. Hakikuwekwa kwa ajili ya abiria. Kimeachwa kirefu ili wewe upate nafasi ya kusogea mbele na nyuma. Ukipakia mtu mgongoni pako umejifunga mwenyewe, huwezi tena kusogea. Zipo kwadi zilizotengenezwa kwa watu wawili, na zimeandikwa hivyo.

Ukiletewa ya magurudumu matatu, hata iwe bei ya kutupa, kataa. Huko Marekani watengenezaji walikubali kuacha kuziuza mpya mwaka 1988, kwa sababu zilikuwa zinapinduka ovyo.

Hatua ya 2: Helmeti

Msimamo wangu ni mmoja: nunua inayofunika kidevu, ile ya mbio za matope yenye ukingo wa mbele wa kuzuia jua, kisha uvae miwani ya vumbi ndani yake. Helmeti iliyo wazi usoni inaacha taya na meno, na ndivyo vinavyokutana na usukani au tawi la mti kwanza. Kofia ya baiskeli haitoshi. Ya ujenzi nayo imetengenezwa kwa vitu vinavyoanguka kutoka juu, si kwa kichwa kinachorushwa.

Angalia alama. Ya Ulaya ni ECE 22.06 (au 22.05 kwa zilizotangulia), na huwa imeshonwa kwenye mkanda wa kidevu, ina herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Ya Marekani ni DOT, kibandiko cha nyuma. Kibandiko mtu yeyote anaweza kukichapisha, kwa hiyo usikiamini peke yake. Ingiza kidole ndani ya bitana: unatakiwa kukuta povu gumu lenye unene wa karibu sentimita 2.5. Iinue mkononi: helmeti ya kweli huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ikiwa nyepesi kama bakuli la plastiki na ndani ina sponji inayobonyea, hilo ni pambo.

Kwa saizi, zungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya nyusi, ipite sehemu ya kisogo iliyojitokeza zaidi. Hiyo inakupa pa kuanzia tu, kwa sababu saizi za kampuni mbili hazilingani. Ivae. Mashavu yabanwe kiasi kwamba ukitafuna unajiuma kidogo. Ishike kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso iende nayo. Ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Funga mkanda, kisha mtu asimame nyuma yako, ashike ukingo wa chini kisogoni na kuinua kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, rudisha dukani. Halafu kaa nayo robo saa nzima, watu wakucheke wakitaka. Ukisikia sehemu moja ya paji inauma kama umekandamizwa na kidole, umbo la helmeti si la kichwa chako, na kuongeza saizi hakutatibu.

Mkanda wa pete mbili za chuma naupenda kuliko wa kubana kwa klipu. Pitisha mkanda ndani ya pete zote mbili, kisha uurudishe katikati yake, juu ya ya kwanza na chini ya ya pili, uvute. Kile kifungo cha mwisho wa mkanda ni cha kuzuia usipepee tu, hakishikilii kichwa. Wapo wanaofunga hicho peke yake.

Usinunue helmeti iliyotumika. Povu lile linafanya kazi mara moja: likibonyea kwenye ajali halirudi, na kwa nje hutaona kitu. Hata isipogongwa, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka 5 hivi.

Hatua ya 3: Vitu vingine vya mwilini

Miwani ya vumbi ijaribu ukiwa umevaa helmeti, si dukani peke yake mkononi. Glavu za vidole vyote. Buti zinazopita kifundo cha mguu na zenye kisigino kilichojitokeza, kwa sababu kisigino hicho ndicho kinachozuia mguu usiteleze kutoka kwenye kikanyagio na kwenda kwenye tairi. Kamba za viatu zichomeke ndani. Mikono mirefu, suruali nene, hakuna skafu wala kanga inayoning'inia.

Kinga ya kifua na mgongo inafaa sana. Tafuta zenye alama ya EN 1621: namba 1621-3 ni ya kifua, 1621-2 ni ya mgongo, na daraja la 2 linakinga zaidi ya la 1. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua helmeti nzuri, na vingine vifuate.

Hatua ya 4: Upepo na ukaguzi

Matairi ya kwadi yanatumia upepo kidogo ajabu, mara nyingi kati ya psi 3 na 7, wakati gari dogo linataka 30 na zaidi. Ndiyo maana geji ya gari haifai hapa: kwenye namba hizo sindano yake haina maana. Nunua geji ya upepo mdogo na ukae nayo. Compressor ya kituo cha mafuta iogope, inajaza kwa sekunde chache na inaweza kupasua tairi. Pampu ya mkono inatosha kabisa.

Pima tairi likiwa limepoa, fuata namba za kwenye kibandiko, na kushoto kulingane na kulia. Tofauti ya psi 1, ambayo kwenye gari usingeisikia, hapa ni sehemu kubwa ya upepo wote na usukani utavuta upande mmoja.

Halafu breki, nati za magurudumu, cheni, oili. Kishikio cha mafuta, kile kinachobanwa kwa kidole gumba, kibane na kukiachia usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia: lazima kirudi chenyewe pande zote mbili. Kama kwadi ina kamba ya kuzima injini, ifunge kwenye kifundo cha mkono. Kama haina, tafuta fundi akufungie.

Hatua ya 5: Uwanja tambarare

Kuwasha, kuingiza gia na kusimama kumeelezwa kwenye kitabu chake. Fanya mpaka mikono isiulize.

Hatua ya 6: Kona

Kwadi nyingi za mbio, na baadhi ya za kazi, nyuma zina ekseli moja ngumu isiyo na difu, ile gia inayoyaachia magurudumu mawili yapishane kasi. Magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka kwa kasi moja, wakati kwenye kona la ndani linatakiwa liende umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo chombo kinang'ang'ania kwenda moja kwa moja, na mgeni akiona hivyo anaongeza kuvuta usukani. Dawa ni kulipunguzia uzito gurudumu la ndani: sogea mbele kidogo, inamisha kiwiliwili kuelekea ndani ya kona, lakini kandamiza kikanyagio cha nje kwa mguu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Ekseli hiyo hiyo pamoja na matairi laini ndiyo sababu kwadi haifai barabara ya lami. Lami inashika sana, tairi la ndani haliwezi kuteleza kidogo, na kona ya ghafla inakupindua.

Hatua ya 7: Kupanda mlima, na mlima ukikukatalia

Hapa nitakaa.

Kwanza, kama huoni kilichopo upande wa pili wa kilele, shuka chomboni, upande kwa miguu uone. Pili, ingiza gia ndogo ukiwa bado chini. Mwili mbele, na mlima ukiwa mkali simama kidogo kwenye vikanyagio, kifua kielekee juu ya usukani. Mafuta yawe ya kiwango kimoja. Ukibana ghafla, magurudumu ya mbele yanainuka, na kwadi inayoinuka mbele ukiwa mlimani inakuja juu yako.

Sasa, injini imezima katikati au matairi yanachimba tu. Watu hufanya mambo mawili, yote mabaya: wanaongeza mafuta, au wanakata usukani ili wageuke. Usifanye lolote kati ya hayo. Bana breki chombo kikiwa bado kimesimama, weka mwili mbele, funga breki ya kuegesha, zima injini. Shukia upande wa juu wa mteremko, au wa kushoto kama pua inaangalia juu moja kwa moja. Kamwe usishukie nyuma.

Kugeuza: simama chini kushoto kwa chombo, karibu na usukani, ukikaa upande wa juu wa mlima. Kata usukani wote kushoto. Shika breki ya mkono, fungua ya kuegesha, kisha legeza breki kidogo kidogo. Kwadi itarudi nyuma, mkia ukija kushoto na pua ikienda kulia, mpaka ilale kukatiza mlima au ielekee chini kidogo. Ubavu wake wa kushoto sasa ndio wa juu, na wewe uko huko. Funga breki, panda kutoka upande huo huo, teremka taratibu. Ukiamua kugeuzia upande wa pili, kila kitu kinabadilika, nawe lazima uwe umesimama kulia. Gia iwekwe vipi wakati huo, soma kitabu cha chombo chako, kwa sababu hapo aina zinatofautiana.

Je, ikianza kurudi nyuma ukiwa umekaa? Mwili mbele, bana breki ya mbele pole pole. Ikishasimama kabisa ndipo uongeze ya nyuma. Ukikanyaga ya nyuma kwanza, magurudumu ya chini yanagoma huku uzito wote ukiendelea kushuka, na pua inainuka. Zile kwadi ambazo breki moja ya mkono inashika magurudumu yote manne, bana kidogo kidogo na uache pedali ya mguu.

Na ikianza kupinduka, iachie. Rukia upande wa juu. Kwadi ya kazi ina kilo 300 hivi, huizuii kwa mikono. Wengi wanaofia chini yake wamelaliwa kifuani wakakosa pumzi. Ndiyo maana Australia, tangu Oktoba 2021, kila kwadi mpya ya kazi lazima iuzwe ikiwa na fremu nyuma ya kiti ya kuzuia isimlalie mtu. Fremu ya namna hiyo inaweza kufungwa hata kwenye kwadi iliyopo.

Mazoezi ya kugeuza yafanye kwenye mwinuko mdogo, injini imezimwa, mwenzio akiwa karibu, upande wa juu wa mteremko. Huko juu kwenye mlima wenyewe si pa kujifunzia.

Hatua ya 8: Kushuka na kukatiza

Kushuka: kaa nyuma, gia ndogo, injini ikushikilie, breki za kugusa tu. Kukatiza mteremko: kama kuna njia nyingine, ipite. Kama hakuna, egemea upande wa juu na uende pole.

Mzigo kwenye keria unabadilisha yote niliyosema hapo juu. Wa nyuma unainua pua kwenye kupanda. Tangi la dawa lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji yanahama upande unaoinama. Ukiwa na tangi hilo, mlima uzunguke.

Hatua ya 9: Ukimaliza

Usiegeshe juu ya majani makavu, ekzosi ni ya moto na inaweza kuyawasha. Toa nyasi zilizojibana karibu nayo ikishapoa. Helmeti usiitundike kwenye kioo cha pembeni wala kuiacha karibu na mafuta ya petroli. Bitana yake ioshe kwa maji na sabuni laini, ikauke kivulini, na ufunguo wa kwadi uuweke mahali watoto hawafiki.