Mdomo, mkono na mgongo: namna ya kuisoma kauli ya demokrasia ya taifa kubwa

Nafundisha historia sekondari hapa Kigoma. Kila mwaka, tukifika kwenye Vita Baridi, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, Marekani inasema inapenda demokrasia. Mbona ilimbeba Mobutu miaka yote ile?" Anamsema Mobutu Sese Seko, dikteta aliyetawala Kongo, akaiita Zaire, kuanzia 1965 hadi 1997. Zamani nilijibu kwa neno moja, "Maslahi," kisha nikaendelea na somo. Jibu lile si la uongo, ila halimsaidii mtoto. Kesho akisikia kauli ya aina hiyo kuhusu nchi nyingine, hana pa kuanzia. Siku hizi nampa kaunta buku na rula.

Fungua ukurasa mtupu, piga mistari miwili wima upate safu tatu. Ya kwanza iite Mdomo: humo utaandika yaliyosemwa hadharani. Ya pili iite Mkono: fedha, silaha, ndege, mialiko ya ikulu. Ya tatu iite Mgongo, yaani nani alibeba mzigo. Sharti ni moja. Kila unachoandika kiwe na tarehe, ikiwezekana hadi siku. Kisichokuwa na tarehe kiache nje hata kama kinakuchoma moyo.

Safu ya tatu nilifunzwa na mzee mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mwaka 1996, vita vilipofika kwao, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti wakashukia Kigoma, na yeye na wajukuu wake wawili walilala kwetu wiki kadhaa kabla ya kupelekwa kambini. Nilikuwa na miaka 15. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kueleza jambo polepole. Jioni moja mama alikuwa anaanika migebuka, naye akaokota majani mawili uani, moja bichi na moja lililokauka likawa jekundu, akayaweka juu ya mkeka. "Hivi ndivyo tulivyopiga kura mwaka 1970," akasema. "Kadi ya kijani ni matumaini, kadi nyekundu ni vurugu. Mgombea ni mmoja, Mobutu. Askari amesimama pale, anakuona mkono wako unakwenda wapi. Nilichukua ya kijani, mwanangu."

Miaka mingi baadaye, nikiandaa somo, nikagundua kwamba Agosti mwaka huohuo Mobutu alikuwa mgeni wa Rais Nixon mjini Washington. Kura ile ilipigwa kuanzia mwisho wa Oktoba. Miezi mitatu tu inatenganisha mambo hayo mawili, na vitabu vyetu vya shule huyaweka katika sura tofauti, wakati mwingine hata katika mada tofauti. Ndiyo maana nang'ang'ania tarehe. Ukiziweka kwenye mstari mmoja, zinaanza kusemeshana zenyewe.

Basi anza na ziara moja au hotuba moja. Usianze na "Marekani na Afrika", utazama. Mimi huwapa wanafunzi mwaka na nusu tu, kuanzia Juni 1982 hadi Desemba 1983, na hapa naomba ukae nami kidogo.

Tarehe 8 Juni 1982 Rais Reagan alihutubia Bunge la Uingereza. Alizungumzia kuijenga misingi ya demokrasia duniani: magazeti huru, vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa, vyuo vikuu. Ni hotuba nzito, na sioni sababu ya kusema hakuiamini. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mfuko wa kusaidia demokrasia nchi za nje, kwa fedha za Bunge la Marekani. Yote hayo yanaingia Mdomo, na mfuko unaingia pia Mkono, maana fedha zilitoka kweli.

Sasa hamia Zaire, na kwanza turudi nyuma kidogo. Novemba 1980 wabunge 13 wa huko, Étienne Tshisekedi akiwamo, walimwandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52 wakieleza nchi inavyoharibiwa. Walikamatwa. Februari 1982 wakathubutu kuanzisha chama, UDPS, katika nchi ambayo sheria ilitambua chama kimoja tu, MPR cha Mobutu. Soma tena orodha ya Reagan ya mwezi Juni: vyama vya siasa. Watu hawa walikuwa wanafanya jambo lilelile alilolisifu.

Mwaka huohuo wa 1982 ikatoka ripoti ya Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani aliyetumwa na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1978 kuisimamia Benki Kuu ya Zaire. Aliwaambia wakopeshaji bila kuficha kwamba, kwa ulaji ule, wasitarajie kulipwa fedha zao.

Agosti 1983 Mobutu akapokewa na Reagan ikulu. Mwezi huohuo, Kinshasa, ujumbe wa wabunge wa Marekani ulikutana hotelini na Tshisekedi na wenzake. Walipomaliza kuzungumza, vyombo vya usalama viliwapiga viongozi wale wa UDPS na kuwakamata. Desemba 1983 IMF ikaidhinisha mkopo mpya kwa Zaire.

Andika hayo yote kwenye ukurasa mmoja, kila tukio katika safu yake. Wanafunzi wangu wakifika kwenye Agosti huwa wananyamaza. Kalamu inatoka ikulu ya Washington, inavuka mstari, inaishia kwenye mgongo wa mtu huko Kinshasa, na mwezi haujabadilika.

Ukishajaza, jiulize dikteta alikuwa anauza nini. Swali hili ndilo linalotenganisha uchambuzi na lawama. Mobutu aliuza mahali ilipo nchi yake na uadui wake na Wakomunisti. Kituo cha kijeshi cha Kamina kilitumika kupitishia msaada wa Marekani kwa jeshi la waasi la UNITA la Jonas Savimbi nchini Angola. Kobalti na shaba za mkoa wa Shaba, yaani Katanga, zilikuwa na wanunuzi. Mwaka 1978 waasi walipouteka Kolwezi, Ufaransa na Ubelgiji zilipeleka wanajeshi, na ndege za Marekani zikasaidia kuwasafirisha. Rais siku hizo alikuwa Jimmy Carter, aliyesema alipoapishwa mwaka 1977 kwamba haki za binadamu hazina mjadala kwake. Usimwite mnafiki haraka. Andika tarehe, endelea.

Halafu chunguza sheria, hasa pale inapotoa mwanya. Marekani ina sheria ya misaada inayozuia msaada wa kijeshi kwa serikali inayokiuka haki za binadamu mfululizo. Ukisoma mbele kidogo unakuta: isipokuwa rais akithibitisha kuwa kuna hali isiyo ya kawaida. Neno lile "isipokuwa" lipigie mstari. Mara nyingi sera yote inaishi humo.

Chunguza pia neno linalokwepwa. Julai 2013 jeshi la Misri lilimwondoa Mohamed Morsi, rais aliyechaguliwa kwa kura. Sheria ya Marekani ilikataza msaada kwa serikali iliyoingia kwa mapinduzi ya kijeshi. Serikali ya Obama ikasema hailazimiki kuamua kama yale yalikuwa mapinduzi au la. Msaada wa kijeshi ulikuwa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Oktoba 2013 sehemu yake ilisimamishwa, Machi 2015 ikarudishwa. Wanafunzi huandika kwenye Mdomo: neno halikutajwa. Nakubali, ukimya nao una tarehe.

Nyaraka zinapatikana. Ofisi ya historia ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha barua na telegramu za siri za zamani, na zinasomeka bure kwenye tovuti yake. Juzuu la Kongo la miaka ya 1960 hadi 1968 lilitolewa mwaka 2013, na humo malipo ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa Mobutu yameandikwa. Kiingereza chake ni kigumu, kwa hiyo sisi husoma kurasa tatu kwa wiki, watu wawili wawili, na kamusi katikati. Tafuta pia taarifa za kamati ya Seneta Frank Church ya mwaka 1975. Kamati hiyo ilianika jinsi CIA ilivyopanga kumwua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kwa sumu mwaka 1960, sumu ambayo mwishowe haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, kwa mikono mingine.

Na hapa nasisitiza kuliko pengine pote. Kamati ya Church ilikuwa ya Wamarekani. Wabunge waliokwenda hotelini Kinshasa walikuwa Wamarekani. Kwa hiyo kwenye Mdomo na Mkono usiandike "Marekani" peke yake. Andika nani: rais, Bunge, CIA, wizara. Serikali yenye demokrasia hugombana yenyewe kwa yenyewe, na ugomvi huo ndio mlango ambao Tshisekedi na wenzake walikuwa wanaubisha.

Halafu geuza ukurasa, weka jina la nchi yako. Septemba 1967 wakuu wa nchi za Afrika walifanya mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Kinshasa, wageni wa Mobutu. Mwaka 1975 mkutano ulipopelekwa Kampala kwa Idi Amin, Tanzania ilikataa kwenda, pamoja na Zambia na Botswana. Mistari yote miwili ni yetu.

Hatua ya mwisho ni kuandika siku urafiki ulipokwisha, na sababu. Juni 1989 Rais Bush mkubwa alimpokea Mobutu akamwita mmoja wa marafiki wa thamani sana. Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa usiku chuoni Lubumbashi. Novemba 1990 Bunge la Marekani likakata msaada. Mei 1991 mapatano ya amani ya Angola yakatiwa saini, na Desemba ile Umoja wa Kisovyeti ukavunjika. Mwaka 1993 Mobutu akanyimwa viza ya Marekani.

Nini kilimaliza urafiki, damu ya Lubumbashi au bidhaa kukosa soko? Darasani tunabishana hadi kengele inalia. Mimi huwarudisha kwenye kaunta buku, wahesabu maandishi ya safu ya Mgongo yaliyotangulia Mei 1990, kuanzia kadi ya kijani.