Hayo Maji ya Jana Yalienda Wapi?

Hapa Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, hakuna swali ninaloulizwa kama hili: "Fundi, mbona gari linachemka na kila asubuhi natia maji?" Nami huuliza: hayo ya jana yalienda wapi? Injini hainywi maji kama ng'ombe. Yakipungua, yamepata njia ya kutokea, na usipoijua njia hiyo utakuwa mchota maji mpaka injini ife.

Kagua asubuhi, gari likiwa baridi kabisa. Nina kovu kwenye mkono wa kulia tangu nikijifunza kazi: nilifungua rejeta, kile kipoza maji ya injini, ya lori dogo la Canter lililotoka kupanda mlima wa Mai Mahiu na kabichi, maji yakaruka hadi kwenye bati la kibanda.

Kitu cha kwanza kushika ni mfuniko wa rejeta wenyewe. Watu huuona kama kizibo tu, kumbe ndio unaozuia maji kuchemka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji kwenye sufuria huchemka kama kwenye nyuzi 94 au 95, wala si 100. Injini nayo hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Unaona tulivyokaribia! Mfuniko mzima hubana shinikizo, na maji yanavumilia hadi kupita nyuzi 110. Geuza uutazame chini: mpira ukiwa umekatika au umekauka kama ngozi ya mbuzi, tupa. Nunua wenye namba ileile ya shinikizo iliyoandikwa juu, 0.9 au 1.1, usichukue wowote unaoingia. Dalili nyingine: asubuhi paipu ya juu ya rejeta imesinyaa kama chupa iliyofyonzwa. Hapo mfuniko haurudishi maji kutoka kwenye mtungi wa akiba.

Mfuniko ukiwa mzima, angalia ni wapi gari huchemka. Likichemka kwenye msongamano wa Jogoo Road lakini mshale wa joto ukashuka ukishika kasi Thika Road, shuku feni. Washa AC usikilize kama inazunguka. Magari mengi madogo feni huanza hapo hapo. Kwa Canter, feni huendeshwa na mkanda, basi tazama mkanda umelegea au la. Likichemka mlimani na mzigo, rejeta huenda imeziba. Maji ya kisima yana chumvi nyingi na huacha magamba ndani kama ya birika. Tia kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu, isipokuwa ile inayouzwa tayari imechanganywa.

Sasa, hili la themostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kuna mafundi wenzangu wanaoing'oa na kukuambia eti ni ya nchi za baridi. Kataa. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake na hunywa petroli zaidi. Ikiwa imekwama, weka nyingine.

Likianza kuchemka barabarani, zima AC, fungua hita hadi mwisho hata kama utatoka jasho, kaa pembeni, zima injini. Subiri nusu saa au zaidi. Na yule kijana anayekuja mbio na ndoo ya maji baridi, mshukuru umwambie angoje: chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka au kupinda, na silinda hedi, kichwa cha injini, si ya bei ya ndoo.

Ukikuta oili imegeuka chai ya maziwa chini ya kifuniko chake, au moshi mweupe wa ekzosi haukomi hata injini ikipata moto, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, pengine imekwisha. Usiliendeshe kuja kwangu. Lilete kwa kuvutwa.