Jinsi ya kuandaa jioni ya chakula kwa marafiki wasioenda kanisani

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo: jumuiya, wanandoa wa mtaa mmoja, vijana wa kazini. Si mkutano wa injili wa uwanjani, hauhitaji spika. Mfano wake uko Luka 5:29. Lawi mtoza ushuru alipoitwa na Yesu aliandaa karamu nyumbani kwake, na waliojaa mezani ni watoza ushuru wenzake, watu aliowajua tayari.

1. Siku na mahali. Jumamosi jioni, mishahara ikishatoka. Tazameni kwanza ratiba ya ligi. Simba na Yanga wakicheza, hata mwenye nyumba macho yatakuwa kwenye simu. Tumieni sebule au uani, si ukumbi wa kanisa. Viti vikimwagikia barabarani, mjulisheni mjumbe na majirani mapema.

2. Mwaliko. Hapa ndipo jioni nyingi huharibikia. Kila mwenyeji aandike majina mawili au matatu ya watu ambao amewahi kula nao, awaambie ana kwa ana, kisha atume ujumbe kama huu:

"Kaka, Jumamosi saa 12 jioni tunakula pilau kwetu, watu kama ishirini. Baada ya kula rafiki yangu atasimulia kwa dakika kumi jinsi imani ilivyombadilisha, halafu tunaendelea na stori. Hakuna mchango. Njoo na shemeji."

Zile dakika kumi zitajwe. Ukizificha ukamwambia ni bethdei, atajiona ametegwa, na bethdei ya kweli ikija hatatokea. Tena wenyeji wasizidi wageni. Wanakwaya wanaotaka kuja "kuunga mkono" wabaki kwao waombe. Wanasaidia zaidi wakiwa huko.

3. Chakula. Kilo ya mchele hulisha watu saba au wanane, kwa hiyo watu ishirini ni kilo tatu. Nyama ichinjwe na Mwislamu, maana mgeni anaweza kuja na mke au rafiki Mwislamu. Kachumbari, juisi, chai ya tangawizi mwishoni. Sala ya chakula iwe sentensi mbili.

4. Msemaji. Si lazima awe mchungaji. Napendelea fundi, muuguzi, mama wa duka, mtu ambaye wageni wanamwona siku za kazi. Aanze na "habari za jioni". Akipaza "Bwana asifiwe!", nusu ya watu wataitikia "Amina" na nusu watatazamana, na hapo mmeshagawa sebule. Maneno kama upako, madhabahu na mpendwa yakae pembeni. Asimulie alivyokuwa, kilichotokea, na yanayomshinda mpaka leo (hili la mwisho wengi hulikwepa, nalo ndilo wageni huliamini). Mstari mmoja wa Biblia unatosha. Hakuna kunyoosha mikono, hakuna kapu la sadaka, hakuna kukemea mapepo. Amalizie: "Mwenye swali anikute kwenye chai."

5. Maswali. Yatakuja yale yale: kwa nini makanisa yanadai hela, kwa nini mama aliombewa na bado akafa. Usilitetee kanisa. Sema pole, uliza alikuwa mama wa namna gani, nyamaza usikilize. Usilolijua sema hulijui.

6. Kesho yake. Aliyemwalika mgeni ndiye amshukuru, si kamati. Msipitishe karatasi ya majina, na msiwaunge kwenye grupu la WhatsApp la kanisa. Ni njia ya haraka ya kuwapoteza. Atakayeuliza zaidi, msomee pamoja Injili ya Marko, fupi kuliko zote nne. Ina sura 16, hivyo nne kwa wiki zinaisha ndani ya mwezi, chai ikiwepo. Asiyeuliza, endeleeni kutazama mpira pamoja kama kawaida, na jioni nyingine ikipangwa jina lake liandikwe tena.