Kubadilisha kava ya cheni ya taimingi kwenye injini ya 1NZ-FE

Kava hii ndiyo kifuniko cha pembeni ya injini kinachofunika cheni inayoendesha kamshafti. Kabla ya kuinunua kwa sababu ya oili inayovuja, hakikisha ndiyo yenye ugonjwa. Kwenye Toyota Probox, Fielder na Vitz zenye 1NZ-FE, oili unayoiona upande wa fanibelti mara nyingi imetoka juu kwenye gasketi ya tapeti (ya kifuniko cha juu ya injini), ikatiririka hadi chini na kumsingizia mwenzake. Osha upande huo kwa dawa ya kuondoa grisi, kausha, kisha rushia poda ya mtoto. Endesha kilomita kumi hivi, halafu mulika kwa tochi. Mstari mweusi ukianzia juu, badilisha gasketi ya tapeti. Oili ikiwa imerushwa kwa duara nyuma ya puli ya krankshafti, tatizo ni oili sili. Kwa hizo mbili kava haitoki.

Kava yenyewe hubadilishwa ikiwa imepasuka, ikiwa cheni iliyolegea imeisaga kwa ndani, ikiwa mahali pa pampu ya maji pameliwa kwa sababu gari limenyweshwa maji ya bomba miaka nenda miaka rudi, au ikiwa pampu ya oili imechakaa. Kwenye injini hii pampu ya oili imejengwa ndani ya kava hiyohiyo. Ukifunga kava vibaya, basi, hasara yake si oili kudondoka tu. Injini inaweza kukosa oili kabisa.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, beba kava ya zamani mkononi. Injini hii imefungwa kwenye magari mengi na kava hazifanani zote, hasa mahali pa maunti, yaani vishikilio vya injini. Kava ya mtumba kutoka Japani ni nzuri kuliko mpya isiyo na jina, ila ikague hapohapo kwa muuzaji. Laza rula ya chuma kwenye uso wa kufungia, mulika nyuma yake: mwanga ukipenya, uso umepinda. Fungua kifuniko cha pampu ya oili na upitishe ukucha kwenye rota na nyumba yake. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, mrudishie mwenyewe. Nunua pia oili sili ya mbele, mipira ya duara ya njia za oili, gasketi ya tapeti, gasketi ya pampu ya maji, silikoni nyeusi ya injini, filta, lita 4 za oili na kulanti (maji ya kupozea injini). Cheni, tenshena yake (kikazaji) na gaidi zake (reli za kuiongoza) zikague wakati kava iko nje. Gari likiwa hupiga kelele ya cheni asubuhi, zibadilishe sasa, maana hutapenda kurudi huku mara ya pili.

Chomoa betri, mwaga oili na kulanti, toa gurudumu la mbele la kulia na plastiki iliyo nyuma yake. Ondoa fanibelti, altaneta, koili na kava ya tapeti. Zungusha krankshafti kwa soketi ya 19 kuelekea mwendo wa saa mpaka alama ya puli ikutane na 0, na alama za sprokiti za kamshafti zitazame juu. Zikiwa hazitazami juu, ongeza mzunguko mmoja kamili. Usizungushe kinyume, cheni hulegea upande wa gaidi na inaweza kuruka jino.

Sasa bolti ya puli. Kuna mtindo wa kuegemeza mpini mrefu kwenye chesisi kisha kupiga stata. Achana nao: mpini ukiteleza unavunja mkono au radieta. Gari la manyuo, weka gia ya tano na mtu akanyage breki. Gari la otomatiki, toa stata ufunge meno ya flaiwili, au tumia kifaa cha kushikilia puli.

Weka jeki chini ya sampu, yaani bakuli la oili, na kati yake uweke kipande cha mbao kipana. Sampu ikibonyea huziba mdomo wa chujio la oili, na utatafuta sababu ya taa nyekundu ya oili wiki nzima. Hapo ndipo utoe maunti ya kulia na mabano yake, puli na pampu ya maji, na sensa ya krankshafti.

Bolti za kava hazina urefu mmoja. Chora umbo la kava kwenye kipande cha katoni, toboa, na kila bolti uichomeke mahali ilikotoka. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi hugota mwisho. Mkono unahisi imekaza kumbe kava haijabanwa. Bolti zote zikitoka, tafuta sehemu zilizoachwa maalumu za kubanulia. Ukipigilia bisibisi kati ya nyuso mbili, utakuwa umejitengenezea njia mpya ya kuvuja.

Usafi ndio unaokula muda, na ndiyo sehemu wengi huikimbia. Ziba uwazi wa sampu kwa vitambaa, na uvihesabu. Kwangua silikoni ya zamani kwa plastiki ngumu au wembe uliolazwa, kisha malizia kwa dawa ya kusafisha breki. Diski ya kusugulia ya grainda usiilete kabisa: unga wake huingia kwenye oili na kula beringi taratibu. Uso uwe mkavu kiasi kwamba kitambaa cheupe kikipita kinabaki cheupe.

Gongelea sili mpya kwa kipande cha bomba chenye upana wake mpaka ilingane na ukingo wa kava, mdomo wake ukielekea ndani, na upake grisi kidogo. Badilisha mipira ya duara. Idadi uliyotoa ndiyo idadi unayorudisha. Jaza oili kwenye pampu na uizungushe kwa kidole ilainike.

Silikoni ipakwe kwa mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hadi 4, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ongeza tone pale silindahedi inapokutana na bloku, pande zote mbili, maana ndipo uvujaji hupenda kuanzia. Kuanzia hapo una kama dakika 3 za kuipachika kava, kwa hiyo ijaribishe kwanza bila silikoni.

Unapoipachika, linganisha rota ya ndani ya pampu na sehemu bapa zilizo kwenye gia ya krankshafti. Zikikubaliana, kava huingia hadi mwisho kwa mikono mitupu. Ikibaki na pengo la milimita chache, usiivute kwa bolti. Itoe, zungusha rota kidogo, safisha, upake upya. Kava nyingi mpya hupasukia hapo, au rota huvunjika na injini kuwaka bila presha ya oili.

Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa raundi mbili: bolti za kichwa cha 10 kwa 11 Nm (kipimo cha spana ya torki), za kichwa cha 12 kwa 24 Nm. Puli ni 128 Nm. Kabla ya kurudisha kava ya tapeti, hakikisha alama za taimingi hazijahama, na weka tone la silikoni kwenye pembe mbili ambapo kava mpya inakutana na silindahedi. Bolti za kava ya tapeti ni 10 Nm tu.

Liache gari lilale. Asubuhi weka oili lita 3.7 pamoja na filta mpya. Ukiwa umechomoa plagi za waya za koili na za injekta, piga stata kwa sekunde zisizozidi 10 kila mara mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe waya na kuwasha. Tenshena hukazwa na presha ya oili, kwa hiyo kelele ya sekunde chache za mwanzo isikutishe. Ikizidi hapo, zima.

Kulanti itolewe hewa kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto, lakini usisubiri feni. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Themostati huanza kufunguka kwenye 80 hadi 84, kwa hiyo ukichelewa kufunga kifuniko maji yatafoka, na jirani atakuambia gasketi ya silindahedi imekufa. Bomba la juu la radieta likianza kupata moto, funga.

Tandika katoni safi chini ya injini usiku wa kwanza, na upime tena oili na kulanti baada ya kilomita 50, injini ikiwa baridi.