Dakika kumi za kusoma nyumbani: namna ya kuziendesha kwa darasa lililojaa

Mwongozo huu ni wa walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu katika shule za mjini, na wa wazazi wanaorudi nyumbani watoto wameshalala. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa shule ya upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Watoto ni wengi kuliko madawati, na wengi wao bado wanakokota silabi. Kila siku alitoa kazi ya nyumbani na kila asubuhi madaftari yalirudi vilevile. Alianza kuamini kuwa wazazi hawajali. Wanajali sana. Kazi zilikuwa zinatumwa kwa mtu ambaye jioni hayupo. Mpango huu ni wa dakika kumi tu: mtoto anamsomea kwa sauti yule aliyepo nyumbani.

Hatua ya 1: Msikilize kila mtoto peke yake

Andaa ukurasa mmoja wenye ngazi nne: silabi, maneno, aya fupi, hadithi fupi. Kaa barazani, nje ya darasa, umwite mtoto mmoja mmoja. Anza na aya. Akiiweza mpandishe kwenye hadithi, akishindwa mshushe kwenye maneno, kisha silabi. Ngazi ya juu anayoiweza ndiyo yake. Dakika mbili au tatu zinatosha kwa mtoto, hivyo darasa kubwa ligawe kwa wiki moja au mbili.

Silabi zichanganye. Mtoto anaweza kuimba "ba be bi bo bu" bila kutazama herufi hata moja, lakini ukimwonyesha "mi, ke, so" anabaki kimya. Na usitumie aya iliyomo kwenye kitabu cha kiada, maana wengi wameikariri. Weka pia neno lenye *ng'* na lenye *ng*, kama ng'ombe na ngoma. Hapo utawajua wanaosoma na wanaobahatisha.

Upimaji wa namna hii ulikuzwa na Pratham, shirika lililoanzia Mumbai miaka ya 1990 kwa ajili ya watoto wa vitongoji duni. Huku kwetu Uwezo, mpango unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, wameutumia kwa kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda. Nauamini kuliko mtihani wa kuandika, kwa sababu kwenye mtihani mtoto anaweza kunakili ya jirani.

Hatua ya 2: Panga vikundi vinne

Kwa ngazi, si kwa nafasi darasani. Usivipe majina yanayoonyesha nani yuko chini. Basi.

Hatua ya 3: Tafuta nani yupo nyumbani jioni

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani hufia, kwa hiyo ipe muda.

Fomu ya shule ina jina na simu ya mzazi. Lakini mama anauza vitumbua, anaamka saa kumi alfajiri na saa mbili usiku ameshalala. Baba ni bodaboda, anarudi saa tano. Wakati mtoto yuko macho na daftari mkononi, aliye naye ni bibi, dada wa kazi, kaka wa darasa la sita, au mpangaji wa chumba cha pili. Huyo ndiye unayemtafuta. Mimi humwita msikilizaji.

Usimwulize mtoto "nani anakusaidia masomo?" Atakujibu "mama", kwa sababu anajua ndilo jibu linalotakiwa. Uliza hivi: "Jana nani alikupakulia chakula cha usiku? Nani alikuambia ukaoge? Ulipolala, nani alikuwa bado macho?" Jina linalojirudia ndilo unaloliandika. Uliza faragha, kwenye lile baraza ulilompimia. Kuna watoto ambao swali kuhusu baba linawaumiza, na wenzao wakisikia watalitumia kumtania.

Yako mambo ya kuangalia.

Msikilizaji akiwa dada wa kazi, zungumza kwanza na mwajiri wake. Usimtumie kazi dada moja kwa moja. Mama mwenye nyumba akikuta vyombo havijaoshwa na dada ameshika daftari, atakayelipia ni dada, na mpango utaishia hapo. Mpigie mama, umweleze kuwa ni dakika kumi, baada ya chakula, na umwombe amwambie dada yeye mwenyewe.

Msikilizaji akiwa kaka au dada wa mtoto, mwite ofisini mpatane mambo mawili: hampigi mdogo wake, na hamsomei. Watoto wakubwa wana haraka. Mdogo akikwama kidogo tu wanamtajia neno, na asubuhi mtoto anakuja hajajifunza kitu.

Watoto wengine wana nyumba mbili. Jumatatu hadi Alhamisi wako kwa mama, Ijumaa wanakwenda kwa bibi. Andika wasikilizaji wawili.

Wanaoingia shule mchana wasikilizwe asubuhi kabla ya kutoka, kwa sababu jioni wanarudi wamechoka na njaa. Mara nyingi hilo linabadilisha msikilizaji pia.

Na lililo zito: msikilizaji huenda hajui kusoma. Usimwulize mbele za watu, wala usimpe karatasi umwambie asome ili uone. Panga kazi ambayo haihitaji asome. Anaweza kutazama kidole cha mtoto kama kinasogea neno kwa neno. Anaweza kusikia kama mtoto anasoma kwa kukatakata au kama sentensi inaeleweka. Anaweza kuuliza: "Huyo mbuzi alienda wapi? Kwa nini alikimbia?" Mtoto akishindwa kujibu, arudie kusoma. Bibi asiyejua herufi hata moja huifanya kazi hii vizuri kuliko mzazi msomi mwenye haraka, kwa sababu anasikiliza kwa dhati, anataka kujua hadithi inaishaje. Nawaambia walimu wote: usimdharau bibi.

Hatua ya 4: Tengeneza kitu cha kupeleka nyumbani

Wa silabi wape kadi. Kata manila au boksi la biskuti, andika kwa maka peni nyeusi, uzifunge kwenye bahasha. Wa maneno na aya wanakili kutoka ubaoni kwenye daftari dogo la peke yake, lisilochanganywa na hesabu. Kunakili nako ni zoezi.

Napinga kutoa fotokopi za kulipiwa. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, mzazi akisikia shule inataka hela, hata ndogo, anaona ni michango imerudi kwa mlango wa nyuma. Atakwepa kikao, na hapo umempoteza kwa mwaka mzima.

Hatua ya 5: Waonyeshe wasikilizaji

Waite kikaoni. Kwenye mwaliko taja kuwa anayetakiwa ni anayekaa na mtoto jioni, na kwamba hakuna mchango. Usihutubie. Mwite mtoto mmoja asome, wewe ukae kama bibi, uonyeshe dakika kumi zote: kusikiliza, kuuliza, kusifia, kuweka alama ya vema.

Kundi la WhatsApp silipendi kwa kazi hii. Wengi wana kiswaswadu au hawana bando, na wenye simu nzuri wanaligeuza la matangazo. Piga simu fupi, au tuma meseji ya sentensi moja. Na simu ya kwanza iwe ya habari njema: "Shikamoo mama, leo Juma amesoma aya nzima." Mzazi aliyezoea kuitwa shule kwa ajili ya makosa atapokea simu yako ya pili haraka.

Hatua ya 6: Kagua asubuhi

Angalia alama ya vema tu. Chagua watoto watano kila siku wasome mbele yako. Pasipo alama, usimchape mtoto. Rudi hatua ya 3, huenda msikilizaji amesafiri au ameacha kazi.

Hatua ya 7: Pima upya katikati ya muhula

Tumia ukurasa mpya, aya mpya. Waliopanda wahamishe kikundi siku hiyohiyo, wapewe kazi ya ngazi yao mpya.

Mtoto ambaye hajasogea kabisa, na msikilizaji wake yupo na alama zipo, mchunguze macho na masikio kabla ya kumwita mzito. Mkalishe dawati la mbele wiki nzima uone kama kunakili kunabadilika. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Ukipata shaka, mwite mzazi mzungumze wawili tu, umshauri ampeleke kituo cha afya akapimwe, na wakati mkisubiri majibu aendelee kukaa mbele.