Mkongwe Amekauka, Chipukizi Anagonga Mlango: Namna ya Kuamua Nani Apige

Mwisho wa Aprili 2012 niliandika kwenye daftari langu la mechi za besiboli, kwa kalamu nyekundu: "Pujols kwisha habari yake." Timu ya Angels ya Marekani ilikuwa imemsajili mpigaji Albert Pujols kwa miaka 10 na dola milioni 240, na mwezi mzima ulikatika hajapiga homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uzio) hata moja. Wastani wake wa hiti, yaani mapigo yaliyomfikisha salama kwenye besi (vituo vya kukimbilia), ulikuwa .217, karibu 22 kwa kila mara 100 alizopiga. Homurani ya kwanza ikaja Mei 6, na msimu ukaisha akiwa nazo 30, wastani .285. Daftari hilo ninalo bado. Utaratibu ufuatao umetokana na aibu ya ukurasa ule.

Hatua ya 1: Ziba wastani kwa kidole

Sitanii, weka kidole juu ya ile namba. Ligi kuu ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu, na wastani wa wiki tatu za mwanzo hausemi lolote la maana. Ndio unaopigiwa kelele kwa sababu ndio unaoonyeshwa kwenye runinga.

Hatua ya 2: Hesabu mipira iliyobaki uwanjani

Hapa usiwe na haraka. Chukua hiti zake, toa homurani. Kisha chukua mara alizosimama kupiga (zile za kupewa besi bure hazimo), toa alizotolewa kwa straiki tatu (nafasi tatu alizopoteza bila kuuweka mpira uwanjani), toa na homurani. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Ligi nzima kwa kawaida hucheza karibu na .300.

Tuseme mzee wako amepiga mara 90, hiti 18, mbili zikiwa homurani, na straiki zimemtoa mara 18. Wastani ni .200, mashabiki wanataka aondoke. Hesabu: 16 kwa 70, unapata .229. Kwa kiwango cha kawaida, mipira hiyo 70 ingempa hiti 21. Kapungukiwa tano. Tano tu! Mpira mmoja ulidakwa na mtu aliyejirusha, mwingine ulimfuata mlinzi mkononi. Mrudishie hizo tano na wastani wake ni .256, hakuna anayemzomea.

Sasa mchukue mwingine mwenye .200 hiyohiyo, hiti 18, homurani mbili, lakini straiki zimemtoa mara 36. Ni 16 kwa 52, yaani .308. Huyu bahati haijamnyima kitu. Haugusi mpira.

Hatua ya 3: Sikiliza gongo

(La kupigia, si la kunywa.) Kiasi cha kutolewa kwa straiki huanza kusema kweli mapema, kwenye zamu 60 hivi za kupiga, kwa hiyo ndicho ninachokitazama kwanza. Chris Davis wa timu ya Orioles mwaka 2018 alitolewa hivyo mara 192 katika mechi 128. Kuanzia mwisho wa msimu huo hadi Aprili 2019 alipiga mara 54 mfululizo bila hiti hata moja. Pale hapakuwa na upepo mbaya wa kusubiri upite.

Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo. Kilomita 153 kwa saa kwenda juu huhesabiwa pigo kali. Mkongwe anayeendelea kutoa mapigo makali mvumilie.

Hatua ya 4: Dogo naye apimwe kwa mizani hiyohiyo

Aprili 27 mwaka uleule wa 2012, Angels wakiwa wameshinda mechi 6 na kupoteza 14, waliachana na Bobby Abreu, miaka 38. Kesho yake akaingia Mike Trout, miaka 20. Abreu alikuwa na hiti 5 kwa mara 24, na mara 24 hazimhukumu mtu. Kilichomwondoa ni umri wake, pamoja na dogo aliyekuwa akipiga .403 kwenye ligi ya chini huko Salt Lake. Hata hiyo .403 ilitakiwa ipunguzwe kidogo, maana mji ule uko mita 1,300 hivi juu ya bahari na mpira unapaa.

Tena Trout huyohuyo alijaribiwa 2011 akapiga .220. Wapo waliosema kakuzwa tu na magazeti. Mwaka 2012 alipiga .326, homurani 30, akaiba besi 49 (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe). Chipukizi akianza vibaya, rudia hatua ya 2 na ya 3 kwake pia.

Na usimwite aje kukaa benchi akitafuna mbegu za alizeti. Kama hachezi kila siku, bora abaki ligi ya chini apige.

Hatua ya 5: Mkataba usiuguse

Abreu alikuwa analipwa dola milioni 9 msimu ule, acheze asicheze. Maji yakimwagika hayazoleki. "Lazima acheze, analipwa sana" ni hoja ya mhasibu, na hata mhasibu mzuri haitoi.

Hatua ya 6: Tafuta njia ya katikati

Mashabiki wengi wanajua mawili: acheze au afukuzwe. Kocha ana zaidi. Kumshusha mtu nafasi moja kwenye orodha ya kupiga humpunguzia zamu 18 hivi kwa msimu mzima. David Ortiz wa timu ya Boston mwaka 2009 hakupata homurani hadi Mei 20. Boston walimshusha kutoka nafasi ya 3 hadi ya 6, akamaliza nazo 28.

Njia nyingine ni kugawana kazi. Pujols, ambaye Angels hatimaye waliachana naye Mei 2021, alirudi timu ya Cardinals 2022 akiwa na miaka 42, akapangwa zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto. Alipiga homurani 24 na kustaafu nazo 703.

Hatua ya 7: Andika tarehe

Andika leo ni kitu gani kikitokea utabadili msimamo, na lini utatazama tena. Mimi hungoja zamu 60 kwa straiki, na 150 kwa mengine. Jamaa ninayefanya naye kazi zamu ya usiku huwa ameshamtimua mzee wiki ya pili, na kila Julai huapa kwamba hakusema. Ukurasa wangu nimeukunja pembe, Juni 1. Kalamu nyekundu siitoi kabla ya hapo.